Maji ya Wote, Mlango wa Wachache: Historia ya Chemchemi za Moto za Arkansas

Ukifungua ramani ya Afrika Mashariki utakuta Maji Moto zaidi ya moja. Iko ya Narok nchini Kenya, iko ya Katavi na iko ya mkoa wa Mara nchini Tanzania. Wazee wetu hawakujisumbua kutafuta jina la mbali: palipobubujika maji ya moto paliitwa Maji Moto, basi. Wamarekani nao walifanya vivyo hivyo. Katika jimbo la Arkansas kuna mji uitwao Hot Springs, na jina hilo halisemi zaidi ya linavyosema letu.

Wanachama wenzetu wengi huusikia mji huo wakati wa kupanga likizo. Wanaambiwa ni mahali pa kujilaza ndani ya maji ya moto, kukandwa mabega na kusahau mitihani kwa siku mbili tatu. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Mwili uliochoka una haki ya kupumzika, na maji ya moto ni mojawapo ya tiba za kale kabisa za binadamu. Lakini sisi tunaojifunza historia tumezoea kuuliza swali la pili baada ya lile la kwanza. Swali la kwanza ni: maji haya yanatoka wapi? La pili ni: nani alikuwa akiruhusiwa kuyaoga, na nani alikuwa akimwogesha mwenzake?

Katika makala haya tunajaribu kuonyesha kwamba historia ya Hot Springs, ukiitazama kwa makini, ni historia ya mlango. Maji yalitoka ardhini bila kumuuliza mtu rangi wala mfuko wake. Mlango ndio uliouliza.

Mvua ya miaka elfu nne

Tuanze na maji yenyewe, kwa kuwa hata hapo kuna la kujifunza. Watu wengi hudhani kila chemchemi ya moto ina volkano chini yake. Kwetu dhana hiyo si mbaya sana, maana Bonde la Ufa limejaa ushahidi wake. Arkansas ni tofauti. Hakuna volkano hai chini ya mji ule. Maji ya Hot Springs ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya jirani, ikapenya taratibu katika nyufa za miamba hadi kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, ikapashwa joto na ardhi yenyewe, kisha ikapata ufa wa kupandia juu kwa haraka kabla haijapoa. Wataalamu waliopima umri wa maji hayo wanakadiria kwamba sehemu kubwa yake ilinyesha miaka takriban 4,400 iliyopita. Anayeoga leo anaoga mvua iliyoanguka wakati mapiramidi makubwa ya Misri yangali na umri wa karne moja au mbili tu.

Maji hayo hutoka katika chemchemi 47 zilizo chini ya mlima mmoja, yakiwa na joto la wastani wa nyuzi 62 za Selsiasi, na kwa pamoja hutoa zaidi ya lita milioni mbili kwa siku. Hayanuki kiberiti kama maji ya chemchemi nyingine nyingi, na yanafaa kunywewa. Ndiyo sababu tangu zamani watu hawakuishia kuyaoga tu. Waliyajaza katika vyombo wakaondoka nayo.

Kabla ya Wazungu kufika, eneo hilo lilikuwa katika nchi ya wenyeji wa asili, wakiwamo Wacaddo na Waquapaw. Walichimba katika vilima vya karibu mawe magumu ya kutengenezea visu na ncha za mishale, na maji ya moto waliyafahamu vizuri. Mwaka 1803 Marekani ilinunua kutoka Ufaransa nchi kubwa iliyoitwa Louisiana, na Arkansas ikiwamo ndani yake. Rais Thomas Jefferson akawatuma William Dunbar na George Hunter kwenda kuikagua sehemu ya kusini ya nchi hiyo mpya. Walipofika kwenye chemchemi mnamo Desemba 1804 walikuta kibanda cha magogo na vijibanda vichache vilivyojengwa na watu waliokuja kutafuta nafuu ya maradhi. Yaani wagonjwa walitangulia kufika kabla ya serikali.

Mwaka 1818 Waquapaw walitia saini mkataba uliowatoa katika sehemu kubwa sana ya ardhi yao, chemchemi zikiwamo. Miaka michache baadaye walilazimishwa kuacha na ile iliyobaki. Tukumbuke jina lao, kwa sababu tutalikuta tena mbele likiwa limeandikwa juu ya mlango.

Ardhi ya taifa

Tarehe 20 Aprili 1832, Rais Andrew Jackson alitia saini sheria iliyotenga maili nne za mraba kuzunguka chemchemi ziwe mali ya serikali kuu. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Hifadhi ya Yellowstone, ambayo vitabu vingi huitaja kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa, ilianzishwa mwaka 1872, miaka 40 baadaye. Kabla Wamarekani hawajafikiria kuhifadhi wanyama au maporomoko, walihifadhi maji ya kuoga. Wazo lilikuwa kwamba kitu chenye manufaa kwa afya ya watu wote kisiangukie mikononi mwa mtu mmoja.

Kwenye karatasi wazo hilo lilikuwa safi. Kwenye ardhi mambo yalikuwa mengine. Serikali ilitenga eneo lakini haikulisimamia, na kwa miaka zaidi ya 40 watu binafsi waliendelea kudai kuwa chemchemi ni zao, kujenga nyumba za kuogea na kutoza fedha. Kesi zao zilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1876 iliamua kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye haki. Ardhi ni ya serikali. Mwaka uliofuata iliundwa tume ya kupima viwanja, kupanga mitaa na kuamua nani abaki wapi.

Kuanzia hapo utaratibu ukawa huu: maji ni ya taifa, nyumba ya kuogea ni ya mfanyabiashara. Mfanyabiashara alikodi haki ya kutumia maji, na serikali ikaweka kanuni, bei na leseni. Msomaji ashike jambo hilo, kwa sababu linamaanisha kwamba yote yaliyotendeka baadaye ndani ya nyumba zile yalitendeka chini ya macho ya serikali kuu, juu ya maji yaliyotengwa kwa ajili ya umma.

Shimo la maskini

Wa kwanza kugongana na mlango huo walikuwa maskini. Wakati matajiri wakijengewa nyumba za mbao zenye hodhi na vyumba vya kupumzikia, wagonjwa wasio na fedha walipiga mahema na kujenga vibanda mlimani, wakaoga katika mashimo ya wazi. Moja liliitwa Ral Hole, jina lililofupishwa kutoka katika neno la Kiingereza la maumivu ya mishipa. Jingine liliitwa Corn Hole, maana watu walikuwa wakitumbukiza humo miguu yenye sugu. Majina yenyewe yanaonyesha waliokuwa wakifika: watu wa miguu iliyochoka na mishipa inayouma, si watalii.

Wakuu wa hifadhi walitaka kuondoa mahema hayo, kwa kuwa yaliharibu sura ya mji uliokuwa ukijipamba. Maskini hawakukubali kuondoka kimyakimya. Mwaka 1878 Bunge la Marekani liliagiza kwamba pawepo na mahali pa kuoga bure kwa wasiojiweza, na serikali ikajenga nyumba ya kuogea ya bure juu ya shimo mojawapo. Nyumba hiyo ilijengwa upya zaidi ya mara moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapata jengo jipya lenye kliniki ya idara ya afya ya serikali kuu.

Tunapenda kuutaja ushindi huu wa maskini kwa sababu ni wa kweli. Hata hivyo haukuwa mkamilifu. Katika nyumba ya bure Weusi na Wazungu walihudumiwa kwa kutenganishwa. Na kliniki ile, iliyowatibu maelfu ya wagonjwa wa kaswende, iliongozwa na daktari Oliver Wenger, ambaye baadaye alishiriki katika jaribio la Tuskegee, Alabama. Katika jaribio hilo lililoanza mwaka 1932, wanaume Weusi wapatao 400 wenye ugonjwa huohuo waliachwa bila tiba ili madaktari waangalie mwisho wao, na halikusimamishwa hadi 1972. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, idara moja ya serikali. Katika mji mmoja mlango ulifunguliwa, katika mwingine ukafungwa huku mgonjwa akiambiwa kuwa umefunguliwa.

Ukiona vyaelea

Kati ya mwaka 1892 na 1923 zilijengwa nyumba nane ambazo hadi leo zimesimama kwa safu katika barabara ya Central Avenue. Safu hiyo huitwa Bathhouse Row. Ya kale zaidi ni Hale. Buckstaff na Maurice zilifunguliwa mwaka 1912, Fordyce mwaka 1915, Superior mwaka 1916, Ozark na Quapaw mwaka 1922, na Lamar mwaka 1923. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1921, eneo lilipandishwa hadhi likawa hifadhi ya taifa.

Fordyce ndiyo iliyokuwa ya kifahari kupita zote. Ilikuwa na ghorofa tatu, sakafu za marumaru, ukumbi wa mazoezi, mahali pa kuchezea mpira wa kuviringisha chini kabisa, na dari ya vioo vya rangi juu ya ukumbi wa wanaume. Upande wa wanawake ulikuwa mdogo zaidi. Katikati ya ukumbi wa wanaume iliwekwa sanamu ya Mhispania Hernando de Soto akipokea maji kutoka kwa binti wa Kicaddo. Nayo Quapaw ilichukua jina la watu waliokwisha kuondolewa. Wenyeji wa asili walikaribishwa katika Bathhouse Row kama sanamu na kama bango.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona mtu amestarehe, yuko aliyemstarehesha. Mteja wa Fordyce alipofika alipokewa na mhudumu. Mhudumu alimvika shuka, akamwongoza hadi kwenye hodhi, akalijaza, akapima joto, akamsugua mgongo. Baada ya takriban dakika 20 alimtoa, akamwingiza katika kasha la mvuke huku kichwa kikibaki nje, akamfunga taulo za moto palipouma, akampitisha kwenye manyunyu, kisha akampeleka katika chumba cha kupoa alale. Wengine walimalizia kwa kukandwa. Madaktari wa mji walikuwa na desturi ya kuandika dozi ya bafu 21, kwa hiyo mzunguko huu ulirudiwa kila siku kwa wiki tatu, mteja mmoja baada ya mwingine, mvuke ukiwa umejaa chumba tangu asubuhi.

Wahudumu hao, wanaume upande wa wanaume na wanawake upande wa wanawake, kwa sehemu kubwa walikuwa Wamarekani Weusi. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa. Walipewa leseni, walikaguliwa, walitakiwa kuujua mwili wa binadamu na kutambua mgonjwa anayetaka kuzimia. Wateja wengine walirudi kila mwaka wakimtaka mhudumu yuleyule kwa jina lake. Ilikuwa kazi ya ujuzi, na bakshishi yake iliweza kujenga nyumba na kusomesha watoto.

Ilikuwa pia kazi ya hatari. Kabla ya penisilini, kaswende ilitibiwa kwa marhamu ya zebaki iliyosuguliwa katika ngozi ya mgonjwa. Walikuwapo wafanyakazi wenye leseni maalumu ya kusugua zebaki, na kazi hiyo mara nyingi iliangukia mikono ya Weusi. Leo tunajua zebaki inavyodhuru neva na figo. Mgonjwa alisuguliwa kwa wiki chache akaenda zake. Msuguaji alibaki nayo mwaka mzima.

Na jioni, baada ya kuwaogesha wengine siku nzima, mhudumu huyo hakuweza kuingia katika hodhi alilolisafisha mwenyewe akiwa mteja. Sheria na desturi za ubaguzi wa rangi zilizokaza kamba Kusini mwa Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19 zilimfungia mlango. Kwa miaka mingi nafasi aliyoweza kuipata Mweusi ilikuwa kuruhusiwa na baadhi ya nyumba kuoga saa ambazo wateja Wazungu hawapo. Mikono yake ilikuwa safi vya kutosha kumsugua tajiri mgongo, lakini mwili wake ulihesabiwa kuwa ungeyachafua maji.

Mlango wao wenyewe

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kudhulumiwa tu. Haikuishia hapo. Katika barabara ya Malvern Avenue, si mbali na Bathhouse Row, Weusi wa Hot Springs walikuwa wakijenga mji wao ndani ya mji.

Mwaka 1904 ilifunguliwa huko nyumba ya kuogea iitwayo Crystal, ya kwanza kuwekwa kwa ajili ya Weusi peke yao. Septemba 1913 moto mkubwa uliteketeza mitaa mingi ya mji, na Crystal ikaungua. Wengine wangekata tamaa. Chama cha kusaidiana cha Knights of Pythias, tawi la Weusi, kilijenga mahali palepale nyumba nyingine, Pythian, iliyofunguliwa mwaka 1914 ikiwa na hoteli na huduma za tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 chama kingine, Woodmen of Union, chini ya uongozi wa John L. Webb, kilijenga jengo kubwa lililokuwa na nyumba ya kuogea, hoteli, hospitali na ukumbi wa maonyesho. Baadaye jengo hilo lilinunuliwa na shirikisho la makanisa ya Kibaptisti ya Weusi, likawa hoteli ya mapumziko ya waumini na wageni wao kutoka kila pembe ya nchi.

Vyama hivi visituponyoke bila kuvitafakari, kwa maana vinafanana sana na vile tunavyovijua. Mtu alilipa mchango wake mdogo kila mwezi. Akiugua, chama kilimtazama. Akifa, chama kilimzika. Yeyote aliyekulia katika jumuiya yenye chama cha kuzikana, kikoba au mchezo wa kupeana anaelewa mara moja. Tofauti ni kwamba hawa walikwenda hatua moja mbele: kutokana na senti za wafua nguo, wapishi na wahudumu wa bafu, walijenga hospitali na hodhi za maji ya moto. Maji yenyewe waliyapata kwa leseni kutoka serikalini kama wengine, yakapita katika bomba kutoka mlima uleule. Mvua ileile ya miaka elfu nne ilifika Fordyce na ikafika Pythian. Bomba halikubagua.

Malvern Avenue ikawa na maduka, migahawa, madaktari na kumbi za muziki. Wanamuziki Weusi na wachezaji wa besiboli wa ligi za Weusi waliokuja mjini walifikia huko. Timu za Wazungu zilikuwa zikija Hot Springs kufanya mazoezi tangu Chicago White Stockings walipofika mwaka 1886, zikiamini kwamba maji ya moto hutoa uzembe wa majira ya baridi mwilini. Timu za Weusi ziliamini vivyo hivyo, zikaja, na zikawa na mahali pa kuoga.

Mlango ulipofunguliwa

Mwaka 1946, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha, nyumba za Hot Springs zilitoa bafu zaidi ya milioni moja. Hicho kilikuwa kilele. Baada ya hapo mteremko ulikuwa wa haraka. Penisilini ilitibu kaswende kwa sindano. Dawa mpya za maumivu ziliuzwa kila duka. Familia zilinunua magari na kupendelea safari za kupita kuliko kukaa wiki tatu mahali pamoja. Hodhi zikaanza kubaki tupu.

Fordyce ilifunga milango yake mwaka 1962. Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli, migahawa na sehemu nyingine za huduma kwa umma ilipitishwa mwaka 1964. Tunaomba msomaji azitazame tarehe hizo mbili kwa pamoja. Siku sheria ilipomwambia Mweusi wa Hot Springs kwamba sasa anaweza kuingia popote, nyumba iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa imefungwa kwa miaka miwili. Nyingine zikafuata moja baada ya moja, hadi Lamar ilipofunga mwaka 1985.

Malvern Avenue nayo ililipa gharama yake. Sheria iliyofungua milango ya Central Avenue iliwapunguzia wateja Weusi sababu ya kwenda kwenye nyumba zao wenyewe, wakati ambapo wateja wenyewe walikuwa wakipungua kila mahali. Pythian ilifungwa, na hoteli ya Wabaptisti ikafungwa. Hatusemi haya kwa kusikitikia enzi ya ubaguzi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitamani. Tunasema kwamba haki iliyochelewa haiji na kila kitu mkononi. Iliwapa watu mlango wa jirani wakati ambapo nyumba ya jirani ilikuwa ikifungwa na yao wenyewe ikibomoka.

Fordyce ilifunguliwa tena mwaka 1989, safari hii kama makumbusho na kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi. Mtu wa rangi yoyote anaingia, tena bila kulipa. Anapita kwenye marumaru, anatazama hodhi, makasha ya mvuke, sanamu ya De Soto na dari ya vioo. Lakini haogi. Anayetaka kuoga aende Buckstaff, ambayo haikuwahi kufungwa tangu 1912, au Quapaw, iliyofunguliwa upya mwaka 2008 ikiwa spa ya kisasa. Huko mlango hauulizi tena rangi. Unauliza kadi ya benki, na kwa mwanafunzi swali hilo nalo si dogo.

Na kwetu?

Ingekuwa rahisi kuisoma historia hii kama aibu ya Wamarekani, kisha tukafunga kitabu. Tukumbuke Ziwa Bogoria nchini Kenya. Kando ya ziwa hilo maji yanachemka na kurushwa hewani, na watalii huja kuyapiga picha. Waendorois, wafugaji walioishi hapo kwa vizazi, walikuwa wakilitumia ziwa na kingo zake kwa malisho, kwa chumvi ya mifugo, kwa tiba na kwa ibada. Katika miaka ya 1970 serikali ilitenga eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, nao wakaondolewa. Walidai haki yao mahakamani nyumbani wakashindwa, wakaenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume, uliotangazwa mwaka 2010, ulisema kwamba haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo zimevunjwa, na kwamba warudishiwe ardhi yao na kulipwa fidia. Mwaka 2011, Bogoria iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Tume hiyohiyo ikalalamika kwamba Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo.

Wanafunzi wa sheria na wa historia ya Afrika katika klabu yetu wanafahamu kesi hiyo. Tunachoongeza ni ulinganisho. Arkansas mwaka 1832 na Bogoria miaka 140 baadaye zilitumia maneno yaleyale: tunatenga mahali hapa kwa manufaa ya wote. Katika nchi zote mbili neno "wote" lilianza kwa kumtoa aliyekuwapo. Hii si hoja ya kupinga hifadhi. Bila sheria ya 1832 huenda chemchemi zile zingekuwa leo mali ya kampuni moja yenye ukuta mrefu. Hoja ni kwamba kutangaza kitu kuwa cha umma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuangalia mlangoni kila siku, nani anaingia na nani anageuzwa.

Tunahitimisha kwa maelekezo ya safari, kwa kuwa tunajua baadhi yenu mtakwenda. Nendeni, mkaoge kama mfuko unaruhusu. Mkiingia Fordyce, hesabuni wateja waliopambwa kwa sanamu na vioo, kisha tafuteni kumbukumbu ya wahudumu. Mkitoka hapo, tembeeni hadi Malvern Avenue. Na kabla hamjaondoka mjini, piteni kwenye mabomba ya umma ya hifadhi. Maji ya chemchemi hutoka hapo bila malipo, na wenyeji huja na madumu yao, Weusi kwa Wazungu, wazee kwa vijana, wakipanga foleni na kujaza maji ya kunywa. Hakuna mhudumu wala tikiti. Katika safari yote hiyo, hapo ndipo sheria ya mwaka 1832 inapofanya kazi kama ilivyoandikwa.